Vaser itaniondolea tumbo hili la uzazi?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 38 na watoto watatu, wawili wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji. Nina kilo 79, urefu sentimita 160. Miguu na mikono haina shida, ila tumbo limegoma kabisa, mpaka leo napishwa kiti kwenye daladala wakidhani ni mjamzito. Wifi yangu anaishi Dubai. Alinyonywa mafuta kwa mashine ya Vaser na sasa ana umbo namba nane. Anasema altrasaundi inayeyusha mafuta tu, haigusi kitu kingine, kwa hiyo haina hatari kama upasuaji wa zamani, na siku ya nne unapanda ndege kurudi nyumbani. Yuko tayari kunichangia. Hapa mjini kuna saluni nayo inatangaza altrasaundi ya kuondoa nyama uzembe bila kisu, mara kumi kwa bei nafuu. Nilipima sukari kabla ya kula ikawa 6.4, na nadhani mafuta yakitoka sukari nayo itashuka. Natumia vidonge vya majira. Niende Dubai, nianze na saluni, au niache kabisa? Na mafuta yakishatoka, hayarudi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kisa cha kupishwa kiti nakisikia kliniki mara kwa mara, na anayekisimulia hucheka kwanza, kisha macho yakamlowa. Kwa hiyo sitakuambia uridhike na ulivyo uende zako. Nitakujibu kama vile umeketi mbele yangu, na ungekuwa mbele yangu ningekuomba upande kitandani kabla hatujataja mashine yoyote.

Basi fanya hivi nyumbani, kabla hujala. Simama mbele ya kioo, legeza tumbo, ufinye kwa vidole kile kinachokamatika chini ya kitovu. Kinachoingia katikati ya vidole ni ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Kinachobaki nyuma, kigumu, kinachosukuma mbele na hakishikiki, ni ukuta wa misuli na vilivyo ndani yake: utumbo, na mafuta yanayozunguka utumbo na ini. Kisha lala chali, kunja magoti, weka vidole viwili juu kidogo ya kitovu, halafu inua kichwa tu, kama anayechungulia vidole vya miguu yake. Misuli miwili mirefu ya tumbo itakaza, mmoja kulia na mwingine kushoto. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati yake, au tumbo likituna kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, basi misuli yako iliachana wakati wa mimba na haijarudiana.

Nalishuku tumbo lako hivyo kwa maneno yako mwenyewe. Mafuta ya chini ya ngozi huwa laini, hukunjika ukikaa, huning'inia ukiinama. Tumbo la mviringo lililotokeza mbele hata abiria akasimama kukupisha, kwa mtu ambaye mikono na miguu yake haina shida, mara nyingi ni misuli iliyoachana, au mafuta ya ndani, au vyote viwili. Na mrija wa kunyonya mafuta, uwe na altrasaundi au usiwe nayo, kazi yake ni kati ya ngozi na misuli. Huko ndani hauingii. Ukiingia, ni ajali.

Sasa tuje kwenye mashine, maana wifi yako amekuambia mambo mengine ya kweli na mengine ya kusikia.

Unyonyaji wa kawaida, ule alioueneza Daktari Yves-Gérard Illouz wa Paris tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ni kazi ya nguvu. Daktari anatoboa tundu dogo, anaingiza mrija wa chuma wenye ncha butu uliounganishwa na pampu, anausukuma mbele na nyuma mamia ya mara. Fikiria dodoki lililojazwa samli. Samli ndiyo mafuta, na nyuzi za dodoki ndizo zinazoishika ngozi kwenye misuli, zikiwa zimepitiwa na mishipa ya damu na ya fahamu. Mrija unachota samli, na kila unapopita unakata nyuzi kadhaa. Siku za mwanzo wagonjwa walitokwa na damu nyingi. Aliyeibadilisha hali hiyo hakuhitaji altrasaundi: katikati ya miaka ya 1980 Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, alianza kulijaza eneo zima maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokeini, ambayo ni ganzi, na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu. Mahali pale panavimba, panakuwa pagumu kama embe bichi, panapauka, na damu inayotoka inakuwa kidogo sana. Leo karibu kila daktari anayefanya kazi hii anatumia maji hayo, mashine yake iwe ya bei gani.

Altrasaundi ilikuja baadaye kidogo, kwa juhudi za Michele Zocchi wa Italia, na Vaser ni jina la biashara la mashine za kizazi cha tatu cha wazo hilo. Maji yakishaingia, daktari anapitisha kijiti cha titani chenye unene wa milimita tatu hivi, kinachotetemeka mara 36,000 kwa sekunde. Usikifananishe na kile kifaa ulichopakiwa jeli ukaonyeshwa mtoto tumboni. Kile hutetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, kwa nguvu ndogo mno, ndiyo maana mtoto hadhuriki. Jina ni moja, kazi ni mbalimbali. Mtetemo wa kijiti hiki unafanya viputo vidogo sana vilivyomo kwenye yale maji vitanuke na kupasuka katikati ya seli za mafuta. Seli hizo zimeshikana kwa ulegevu, basi zinaachana na kuelea majini. Nyuzi na mishipa ni imara zaidi, kwa hiyo nyingi hubaki.

Nimesema nyingi, sikusema zote. Na hakuna kinachoyeyuka. Samli huyeyuka ikikaa jikoni. Haya mafuta yanachanganyika na maji mpaka yanakuwa kama tui zito la nazi, kisha yananyonywa kwa mrija na pampu vilevile, ila mrija mwembamba na nguvu kidogo. Wifi yako alitobolewa na kunyonywa kama wenzake. Ukiitazama chupa ya pampu mwisho wa kazi utaona rangi ya njano imekaa juu, na chini yake maji ya pinki. Mtu akijisifu kwamba alitolewa lita nne, muulize njano ilikuwa ngapi.

Joto nalo lipo, na ndilo adui wa mashine hii. Zile za miaka ya 1990 ziliwaunguza watu ngozi na kuwaachia mifuko ya maji chini yake, hata madaktari wengi wakazitupa. Za sasa ni bora, ila masharti ni yaleyale: kijiti kisisimame mahali pamoja hata kwa sekunde chache, kisitumike pakavu, ngozi kwenye tundu ikingwe kwa taulo lililolowa, na muda uhesabiwe, takriban dakika moja kwa kila mililita 100 za maji yaliyoingizwa. Mashine haijui masharti hayo. Anayejua ni aliyeishika. Kwa ngozi zetu kuna la ziada: tundu likisuguliwa au kuungua hubaki na doa jeusi kwa miezi mingi, na ukiwa mtu wa makovu yanayovimba, sema mapema. Kovu lako la uzazi litakuwa limeshakupa jibu.

Faida zake za kweli nazitambua. Mgongoni, kiunoni, kwenye kifua cha mwanamume aliyeota matiti, au mahali palipowahi kunyonywa na sasa pana makovu ndani, altrasaundi inarahisisha kazi ambayo mrija mtupu hupambana nayo. Damu inayopotea hupungua. Mkono wa daktari hauchoki haraka, na mkono usiochoka huacha ngozi iliyo sawa, bila mabonde. Kuhusu ngozi kujikaza, dalili zipo lakini zimetoka kwenye tafiti za watu wachache, na ngozi iliyobeba mimba tatu ikapata michirizi imeshakatika nyuzi zake za ndani. Ukiitoa mafuta bila kuipunguza, itaning'inia kuliko sasa. Nimewaona wanaorudi wakilia kwa hilo, na mashine ilikuwa nzuri kabisa.

Ama kuhusu usalama, hapa nitakuwa mkali kidogo. Yanayoua katika upasuaji huu ni damu kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni, mafuta kuingia kwenye mishipa ya damu, mrija kutoboa utumbo au ini, ganzi kuzidi, na maambukizi. Altrasaundi haikingi hata moja. Marekani waliwauliza madaktari wa upasuaji wa urembo kuhusu kazi zao za mwaka 1994 hadi 1998 wakapata kifo kimoja kwa karibu kila watu 5,000, na damu iliyoganda ndiyo iliyoongoza. Mengi yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini njia za kufa hazijabadilika. Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria wa wakati ule, alifariki mwaka 2005 baada ya kunyonywa mafuta Marbella, Uhispania, na mahakama ya huko ikamtia daktari hatiani kwa uzembe. Mwishoni mwa 2024 Nairobi nayo ilipata msiba wa namna hiyo, na baraza la madaktari likaifunga kliniki iliyohusika.

Kwako wewe kuna mambo mawili yanayonikosesha raha. La kwanza ni kovu la upasuaji mara mbili. Ukuta wa tumbo ulioshonwa unaweza kuwa na ngiri ndogo isiyoonekana kwa macho, kitanzi cha utumbo kikiwa kimejificha ndani ya mafuta yaleyale ambayo mrija unayatafuta. La pili ni vidonge. Vile vyenye homoni mbili huongeza uwezekano wa damu kuganda. Upasuaji unauongeza. Uzito unauongeza. Ukiongeza ndege ya saa tano na ushee siku ya nne, umekaa miguu imekunjwa, umebanwa na vazi la mgandamizo, hesabu hiyo siipendi. Kwa kawaida tunashauri vidonge hivyo viachwe wiki nne kabla ya upasuaji, na muuguzi wa uzazi wa mpango akupe njia nyingine, usije ukaenda kutibiwa tumbo ukarudi nalo. Safari ya mbali ingoje wiki mbili angalau.

Ganzi nayo ina tabia ambayo watu hawaambiwi. Lidokeini iliyolala kwenye mafuta huingia kwenye damu polepole, na kilele chake hufika saa kumi au kumi na mbili baadaye. Mgonjwa anatoka kliniki anacheka, usiku akiwa hotelini peke yake ulimi unakufa ganzi, masikio yanavuma, anaona kizunguzungu, na hajui kwamba hiyo ni hatari. Ndiyo maana kiasi hupimwa kwa kilo za mwili, na ndiyo maana anayetolewa zaidi ya lita tano kwa jumla anapaswa kulala hospitalini.

Sasa sukari, ambayo kwangu ni habari kubwa kuliko tumbo. Kipimo cha 6.4 kabla ya kula bado si kisukari, lakini umekaa mlangoni; kisukari huanzia 7. Wazo lako kwamba mafuta yakitoka sukari itashuka lina mantiki, na liliwahi kujaribiwa. Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene, saba kati yao wakiwa na kisukari, walionyonywa mafuta mengi sana, kama kilo kumi hivi. Wiki kumi hadi kumi na mbili baadaye walipimwa. Sukari, lehemu, shinikizo la damu, vyote palepale. Mafuta yanayoiharibu sukari ni yale ya ndani, kwenye ini na kuzunguka utumbo, na hayo hayakuguswa. Miaka miwili kabla yake, utafiti mwingine mkubwa wa Marekani kwa watu waliokuwa mlangoni kama wewe ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo zako ni kilo tano na nusu. Mrija ukikutoa kilo tano na nusu, hutapata lolote kati ya hayo. Zikitoka kwa njia ya jikoni na ya miguu, mafuta ya ndani hupungua pamoja nazo, na tumbo lililotuna linarudi nyuma kidogo bila tundu hata moja.

Yanarudi au hayarudi? Seli iliyotolewa haioti tena. Zilizobaki kwingine hazijaapa kutonenepa. Watafiti wa Colorado waliwafuatilia wanawake walionyonywa mapaja na sehemu ya chini ya tumbo, wakachapisha mwaka 2011: ndani ya mwaka mmoja jumla ya mafuta mwilini ilikuwa imerudi, mapaja yakabaki membamba, mafuta yakahamia sehemu ya juu ya tumbo na mikononi. Mikono yako mizuri isije ikakulazimu kutafuta blauzi zenye mikono mirefu.

Saluni sitakaa nayo sana. Ile ni altrasaundi ya juu ya ngozi, hakuna kinachonyonywa, na mafuta hayatoki kwa mkojo kama matangazo yanavyosema. Upungufu wa sentimita unaouona siku hiyo mara nyingi ni maji yaliyokamuliwa na futi ya kupimia iliyovutwa. Fedha ya mara kumi ni afadhali umlipe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi.

Ningekuwa wewe, ningeanza na altrasaundi ya bei ya chini kuliko zote ulizotaja: ile ya hospitali, ya jeli, wakupime ukuta wa tumbo. Waambie unataka kujua upana wa nafasi kati ya misuli, na kama kuna ngiri kwenye kovu. Misuli ikiwa imeachana, miezi mitatu hadi sita ya mazoezi maalumu chini ya fiziotherapia huwasaidia wengi, na uachane na yale mazoezi ya kukaa na kulala unayoyaona mitandaoni, yanaweza kulitunisha zaidi. Mkaja ambao bibi zetu walitufunga ulisaidia mgongo na kutupa faraja, lakini hauwezi kushona misuli, na kuuvaa leo miaka kadhaa baadaye ni joto tu. Mazoezi yakishindwa na ngozi ikiwa imelegea, upasuaji unaokufaa ni wa kukaza tumbo: misuli inashonwa, ngozi ya ziada inakatwa. Ni mkubwa zaidi, una kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga, na kupona kwake huchukua wiki sita au zaidi. Katika upasuaji huo daktari anaweza kunyonya mafuta ya kiunoni pia, na hapo altrasaundi ina nafasi yake. Vaser peke yake ingekufaa kama vidole vyako havikuzama, ngozi inarudi ukiivuta, uzito umetulia miezi sita, na unachotaka ni kupunguza mafungu yanayokamatika. Usitegemee mizani ibadilike: lita tatu za mafuta halisi ni kilo mbili na robo tatu hivi.

Ukiamua kuendelea, jina la daktari ni muhimu kuliko la mashine. Litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika kama ni hapa, la Kenya kama ni huko, au ya Mamlaka ya Afya ya Dubai. Hapa kwetu hospitali ya Mloganzila wanafanya upasuaji wa aina hii, na palipo na chumba cha wagonjwa mahututi ghorofa moja juu yako, mimi nalala usingizi vizuri zaidi. Muulize daktari ni nani atakayekupa nusu kaputi, utalala wapi usiku wa kwanza, na ukirudi Tanzania ukapata tatizo nani atakupokea. Akikwepa swali la tatu, funga mkoba uondoke.

Baada ya upasuaji utavuja maji ya pinki siku moja au mbili, utavimba, utapata michubuko, ngozi itakufa ganzi kwa wiki au miezi, na umbo lenyewe litaonekana kuanzia mwezi wa tatu. Hayo yavumilie. Lakini ukikosa pumzi, kifua kikichoma, mguu mmoja ukivimba na kuuma, homa ikipanda, tumbo likiwa gumu na kuuma zaidi kila saa, au ngozi ikitoa malengelenge na kuwa nyeusi, usimpigie wifi wala usinitumie picha. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na useme kwenye dirisha la mapokezi kwamba umenyonywa mafuta, hata kama unaona haya.

Wiki hii rudia kipimo cha sukari, na uombe pia kile cha wastani wa miezi mitatu. Ukipata na majibu ya ukuta wa tumbo, niandikie upana wa nafasi ile kwa sentimita, na tarehe ya uzazi wa mwisho, ambayo hukuitaja.